Pumzi ya Shemeji na Mdomo wa Kabureta

Kwa miaka minane, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na kazi, niliamini kwamba injini ya lori ilimnyonya mtu pumzi pale Mai Mahiu hadi akakauka kama omena. Aliyeniambia alikuwa jirani yetu wa nyumba za reli, taniboi wa lori la viazi, aliyepakia na kupakua magunia kutoka Kuresoi hadi Nairobi, na ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya ila tu alipoulizwa kama ameshakula. Alisema lori liliingizwa kwenye banda la mabati kwa sababu ya upepo wa vumbi. Fundi akafungua boneti, akatoa chujio la hewa linalokaa juu ya kabureta, pale injini inapovutia hewa yake, akainama kuchungulia. Dereva akakanyaga mafuta, akaendelea kukanyaga. Injini ikakosa hewa ya kuitosha, ikachukua iliyokuwa karibu, na iliyokuwa karibu ilikuwa kifuani mwa fundi.

Hata jeraha hakuwa nalo, jirani alisema. Midomo tu, myekundu kama ya bibi harusi.

Mimi nami sikuiacha habari hiyo ilale. Nilipoipeleka kiwandani kwetu, fundi alikuwa amebaki na kilo ishirini. Ilipofika kwa wapishi wa chai, meno yake yalikuwa yamepatikana ndani ya pistoni, yamepangwa vizuri. Lakini chini ya hayo maua yote niliyoipamba nayo, mimi mwenyewe niliamini shina lake. Lori likisimama njiani boneti wazi, nilivuka upande wa pili. Garimoshi la dizeli likipita, nilishika pumzi, na kwa mtu aliyelelewa kwenye nyumba za reli, hiyo ni kushika pumzi nusu ya maisha.

Hayo yote yangebaki ujinga wangu wa kimyakimya kama si masomo ya jioni.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nasaga unga mchana kwenye kiwanda hapa Nakuru, na jioni nasoma mambo ya mashine pamoja na watu wazima wengine kumi: makarani, mpishi wa hoteli, mpaka rangi, na mwanamume mmoja mfupi wa stoo za reli aliyekuwa karibu kumwoa dada yangu. Nilikuwa na bidii ya kutisha. Penseli mpya ilikwisha mkononi mwangu kwa wiki moja, na nilichora mistari iliyonyooka kiasi kwamba mtu angeweza kunyolea ndevu.

Mwalimu wetu alikuwa kijana kuliko wengi wetu, amerudi kutoka masomo ya Nairobi na kola iliyosimama kama masikio ya punda. Jioni moja alitangaza kwamba mwenzake wa Nairobi anafundisha darasa kama letu, na wanafunzi wale wanaunda gari dogo la mashindano. Sisi nasi tutaunda letu. Yatakimbizana kwenye uwanja wa ndege uliokuwa wa setla mmoja aliyeondoka, upande wa Rongai. Darasa zima lilipiga meza. Tulikuwa tumezoea kusimama kando ya barabara kila Pasaka kutazama magari ya rali yakipita na tope hadi kwenye paa, na sasa tuliambiwa tuunde la kwetu.

Akagawa kazi. Mpishi akapewa breki, kwa kuwa alijua kukarabati jiko. Mpaka rangi akapewa bodi. Mtu wa stoo za reli, shemeji yangu mtarajiwa, akapewa usukani wenyewe, kwa kuwa alikuwa na uzito wa nusu gunia na alishaendesha pikipiki. Kisha mwalimu akanigeukia.

"Wewe unachora vizuri," akasema. "Hewa ni yako."

Ningepewa breki ningecheka. Ningepewa hata kulisukuma gari lile hadi Kabazi na kurudi ningeimba njiani. Lakini kupewa hewa, yaani kuunda mdomo na koo ambavyo injini itavutia hewa yake, niliona kama nimeambiwa nimfundishe chui kutafuna. Nikatikisa kichwa kukubali, maana mwanafunzi wa kwanza wa darasa hawezi kusimama mbele ya watu wazima akauliza kama injini hula watu. Aibu hiyo ndogo ndiyo iliyofanya mambo yote yaliyofuata.

Banda la kufanyia kazi tuliazimwa na mzee mmoja Singasinga mwenye gereji nyuma ya mtaa wa maduka. Baba yake alikuja na reli, na yeye alizaliwa hapahapa, na mikono yake ilikuwa imeingia oili hadi ikawa haijulikani rangi yake ya kwanza. Ndiye pia aliyetupatia injini, kutoka kwenye gari dogo lililopinduka njia ya Molo. Mzee huyo alikuwa na desturi iliyonitoa jasho. Injini ikikohoa, alitoa chujio la hewa, akaizungusha kwa nguvu, kisha akaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja. Injini ilivuta, ikalia, ikakaribia kufa, na uchafu uliokwama kwenye matundu ya petroli ukavutwa ukatoka. Akiondoa mkono, kiganja kilikuwa na duara jekundu. Mafundi wote wa Nakuru walifanya hivyo kama mtu anavyofuta jasho. Mimi nikimwona anakunja shati tu, nilikwenda nje. Waliokuwa pale walidhani tumbo langu lina shida, na wakawa wananionea huruma.

Sasa sikilizeni jinsi elimu inavyoweza kumharibu mtu.

Injini yetu ilikuwa ya lita moja. Mwalimu alitufundisha kwamba kila inapozunguka mara mbili inameza hewa ya lita moja. Kwenye mashindano itazunguka mara elfu sita kwa dakika. Nikapiga hesabu: lita elfu tatu kila dakika. Nikachukua kitabu cha afya, nacho kikasema mtu aliyeketi ametulia hupumua kama lita nane kwa dakika. Nikagawanya. Nikagawanya tena nikidhani nimekosea. Injini ile, iliyokuwa ndogo hata ikatoshea kwenye toroli, ingepumua kama watu mia tatu na sabini na tano. Hilo ni kanisa letu lote, na kwaya, na wale wanaosimama nje kwa kuchelewa.

Kabla ya hapo uoga wangu ulikuwa wa kusikia. Baada ya hapo ulikuwa na hesabu nyuma yake.

Tena mwalimu aliongeza, bila kujua anamwagia nani mafuta, kwamba Nakuru iko juu na hewa yake ni nyepesi, kwa hivyo injini hapa hukaa na njaa kuliko ya Mombasa. Nikaona sasa kwa nini jambo lile lilitokea huku kwetu bondeni. Injini yenye shibe ya pwani haina haja na kifua cha mtu. Hii yetu ina njaa.

Na jinsi ilivyokaa ndani ya gari ndiyo iliyonimaliza. Injini ya gari lile dogo hukaa kwa mapana, na kabureta yake hutazama nyuma. Nyuma yake ndipo penye dereva. Kati ya mdomo wa kabureta na mdomo wa shemeji yangu palikuwa na urefu wa mkono mmoja. Nilipima. Nikamwita mtu mrefu akapima kwa mkono wake, ili niongeze matumaini.

Shemeji mwenyewe alikuwa mtu wa furaha. Aliketi ndani ya yale mabomba tuliyochomelea, bila mlango wala paa, akashika usukani, akafanya kelele za injini kwa midomo. Ng'ombe walikuwa wameshazungumzwa, wazee wa pande zote wamekunywa chai, harusi ilikuwa ifanyike baada ya mavuno. Dada yangu hakupenda habari za gari. Jumapili moja alinikuta nyuma ya nyumba nimeinamia michoro, akasimama juu yangu.

"Wewe mtoto wa mama," akasema, "nimesikia wewe ndiye unaamua hiyo gari itapumua wapi. Mimi sijui mambo ya magari. Najua huyo mtu. Unirudishie akiwa anapumua."

Hakujua amegusa nini. Alimaanisha ajali, kama mwanamke yeyote angemaanisha. Mimi nilihisi kama amenisomea hesabu zangu kwa sauti. Nikamwambia asijali, nikavunja penseli mkononi.

Basi nikachora. Mwalimu alikuwa ametueleza mfumo mzuri ulivyo: bomba fupi lililonyooka, mdomo mpana uliopinduka kama wa tarumbeta ili hewa iingie bila kujikwaa, na chujio mbele yake, maana kiangazi upepo huinua ule unga mweupe wa magadi kutoka ziwani, ukaingia hata kwenye sukari. Chujio nilitengeneza vizuri, nasema kweli. Lilikuwa kopo pana lenye oili chini na nyuzi za katani juu, vumbi linanaswa kabla halijafika. Mwalimu alilisifu mbele ya wote.

Lakini bomba langu halikuwa fupi wala halikunyooka. Nilianza kwenye kabureta, nikapinda kuliacha goti la shemeji, nikashuka chini ya injini, nikatokea upande wa pili, nikapanda hadi mbele kabisa ya gari. Lilikuwa la mabati ya madebe, limelehemiwa sehemu kumi na nne. Katikati nilibana koo hadi likawa jembamba kama shingo ya chupa ya soda, injini isiweze kuvuta kwa pupa. Mpishi alizunguka gari mara mbili akitazama.

"Umempa twiga shingo," akasema, "halafu ukamkaba."

Wakacheka hadi wakashikilia kuta. Mwalimu alikunja uso akauliza sababu ya koo jembamba. Nikamwambia ni kwa ajili ya mwendo wa hewa, kwamba mahali pembamba hewa hukimbia zaidi. Hilo ni kweli, limo vitabuni, na alishindwa kunipinga mbele ya darasa. Jinsi uoga unavyojua kuvaa suti, hakuna waziri anayeufikia.

Shida ilikuwa moja tu. Shingo yangu ilipopita chini ya injini ilikutana na bomba la moshi, na nafasi haikutosha yote mawili. Nilichagua bila kufikiri hata dakika. Bomba la moshi nililikata, likaishia chini karibu na kiti cha dereva. Moshi ulikuwa kitu kinachotoka. Sijawahi kuogopa kitu kinachotoka. Hofu yangu yote ilikuwa kwa kinachovuta.

Tulifanya jaribio la kwanza Jumamosi mchana. Mzee mwenye gereji alikuwa amekwenda Naivasha kuchukua giaboksi ya lori, mwalimu alikuwa na shughuli ya kwao, na banda lilikuwa letu. Hatukuwa tumewasha injini bado mawingu yakamwagika kutoka Menengai, mvua ya Nakuru ile isiyoanza kwa matone bali kwa ndoo. Ikawa inaingia ndani kwa upande. Tukafunga milango miwili mikubwa ya mabati, tukaweka magunia chini yake.

Nikatoa amri zangu. Niliwaambia wenzangu wanne waliokuwepo wasisimame mbele, kwenye mdomo wa hewa. Wakae nyuma ya gari, karibu na kiti. Wakaniuliza kwa nini, nikasema ndiyo sheria ya kazi. Mimi mwenyewe nilikwenda kusimama kwenye kidirisha cha pembeni kilichovunjika kioo, nikatoa pua nje nikajifanya natazama mvua. Nataka niliseme hili wazi, kwa kuwa miaka mingi nililiruka nikisimulia: niliwapanga wengine, kisha nikajitafutia hewa yangu mwenyewe.

Shemeji akawasha. Injini ilikohoa, ikashika. Kelele ndani ya mabati zilikuwa kama treni tatu zimegombania daraja. Tuliiacha ipate joto, mpishi akirekebisha waya wa mafuta, shemeji akikanyaga na kuachia. Ilichukua labda dakika ishirini. Nilikuwa nimeanza kuona aibu. Nilitazama mdomo wa hewa kule mbele, haujamla mtu. Nikajiambia labda taniboi alitia chumvi.

Ndipo mpaka rangi akaenda pembeni akatapika. Wakamcheka kidogo, wakasema ni maharagwe. Mpishi akakaa chini kwenye tairi, akashika kichwa akalalamika kwamba kinagonga. Nikamtazama shemeji. Alikuwa anatabasamu, lakini halikuwa tabasamu la kitu chochote. Kichwa kikaenda mbele polepole, kikagusa usukani, kikabaki hapo. Mguu wake ulikuwa bado kwenye mafuta, na injini ikapanda sauti, ikapanda, ikapanda.

Midomo yake ilikuwa myekundu.

Sijui niseme nini kuhusu uoga ule. Nimetia chumvi vitu vingi maishani, lakini hapo sina cha kuongeza. Niliona kila kitu kama nilivyokiona miaka minane: injini imepanda sauti kwa sababu imepata pumzi ya mtu, na shingo yangu ndefu haikusaidia chochote, ilikuwa imemfuata kwa njia ya mzunguko. Nilimwona dada yangu amesimama juu yangu nyuma ya nyumba. Swichi ya kuzima injini ilikuwa mbele ya kifua cha shemeji, na ili niifikie ilinibidi niinamie kabureta. Sikuweza. Nawaambia ukweli, sikuweza.

Nilivua koti. Nikashika pumzi kama mtu anayeingia mtoni, nikakimbia mbele ya gari, nikalisokota lile koti nikalisukuma ndani ya mdomo wa hewa, ngumi na kiwiko, nikiwa nimegeuza uso. Lilivutwa. Nililihisi likivutwa kutoka mikononi mwangu, na hadi leo vidole vinakumbuka. Injini ikakoroma, ikatikisika, ikafa.

Nikaupiga teke mlango, magunia yakatawanyika, mvua ikaingia. Nilimshika shemeji kwapani nikamburuta nje, mtu mwepesi aliyekuwa amegeuka mzito kama reli. Wengine walijikokota wenyewe. Nikamlaza kwenye tope, mvua ikimpiga uso, nikawa namwita kwa cheo chake tu, shemeji, shemeji, kwa kuwa jina lake lilikuwa limenitoka kabisa. Alikaa hivyo muda ambao saa zangu zote hazingeweza kuupima. Kisha akavuta pumzi ndefu yenye mlio, akakohoa, akafungua macho.

"Tumeshinda?" akaniuliza.

Nikalia mbele ya wanaume.

Sasa tazameni ubaya wa jambo lile. Niliziba mdomo wa injini, na mtu akarudishiwa pumzi. Ni mahakama gani ingehitaji ushahidi zaidi? Wenzangu walisema ni joto, wengine maharagwe, na shemeji mwenyewe akasema alikuwa hajala. Walikubaliana mwalimu asisumbuliwe. Mimi peke yangu nilijua, au nilijua kwamba najua, na nilinyamaza. Kama ningesema, wangenicheka, na shemeji angeendesha vilevile. Nisiposema, angeendesha. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Siku zile sikula vizuri. Kiwandani nilisaga mahindi ya mtu bila kuweka gunia chini. Dada alisikia kwamba mchumba wake alizimia, akaja kuniuliza. Nikamwambia alikuwa hajala, kwa hivyo ampikie. Kutoka siku hiyo akawa ananisalimia kama mtu wa benki.

Nilitafuta njia ya kumwokoa bila kufungua mdomo. Jioni moja nilikwenda peke yangu kwenye gari, nikafungua bomba pale kwenye koo, nikaingiza kipande cha mti nilichochonga mviringo, chenye tundu lisilopita kidole gumba. Nilikusudia injini ipate pumzi ya mzee mgonjwa. Ikose nguvu kabisa, gari lisiondoke mstarini, aibu inipate mimi, na dada yangu apate mume.

Ilifika siku tatu kabla ya mashindano. Mzee mwenye gereji alitaka kulisikia gari kabla halijaondoka kwake. Asubuhi, uani, jua likiwaka, tukalisukuma nje. Mwalimu alikuwepo, na shemeji akaketi kwenye kiti. Gari liliwaka kwa taabu, likatoa moshi mweusi, na kila shemeji alipokanyaga lilikuwa likipumua kama mtu amekaliwa kifuani. Mzee alisikiliza kama daktari. Hakuuliza mtu. Alichukua bisibisi, akafuata bomba langu kona hadi kona, akalifungua kooni, akatoa kile kipande cha mti. Akakigeuza kwenye kiganja.

"Nani aliweka hii?"

Mwalimu alinitazama. Shemeji alinitazama. Ningeweza kusema sijui. Lakini shemeji alikuwa bado amekaa kwenye kiti kile, na mzee alikuwa ameshaanza kulitoa bomba lote, akaliweka chini, na mdomo wa kabureta ukabaki wazi ukimtazama mtu wa dada yangu. Akanyoosha mkono awashe tena.

Nikaushika mkono wake. Mtu wa umri wa baba yangu, mwenye gereji yake, nikaushika. Na maneno yakatoka yote, taniboi, Mai Mahiu, fundi, watu mia tatu na sabini na tano, mpaka rangi, koti, midomo. Nilimwambia shemeji ashuke. Nilimwambia mwalimu sitaki cheti. Hakuna aliyecheka, na hilo lilinishangaza.

Mzee alitoa mkono wake kwenye wangu taratibu. Akamwambia shemeji ashuke, nikashukuru Mungu. Kisha akaliwasha gari yeye mwenyewe, bila bomba, bila chujio, akavuta waya wa mafuta hadi injini ikapiga kelele, na akaweka uso wake pale. Si karibu, pale. Ndevu zake zilisogea kidogo kuelekea kabureta, kama nyasi upepo ukipita. Akapumua. Nilimwona mgongo ukipanda na kushuka. Akatuhesabia pumzi zake kwa vidole, moja, mbili, hadi kumi, kisha akaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, injini ikanyamaza, akaninyooshea kiganja nikaona lile duara jekundu. Halafu akaushika mkono wangu, akawasha tena, na akanifanya nizibe mimi. Nilifumba macho. Ilivuta ngozi, ikauma kidogo, ikafa.

"Huyo fundi wa Mai Mahiu," akaniuliza, "alikuwa nje au ndani?"

Nikasema ndani, kwenye banda, upepo wa vumbi ulikuwa mwingi.

"Na wewe, Jumamosi ile?"

Nikasema mvua ilikuwa inaingia.

Alipiga magoti kwenye changarawe, akachungulia chini ya gari, akagusa pale nilipokata bomba la moshi, chini ya kiti. Alipoinuka alikuwa amekasirika, lakini alisema polepole, kama mtu anayempa mwingine maelekezo ya njia.

"Injini haiwezi kutoa pumzi kifuani mwa mtu. Hewa iko Nakuru nzima, inachukua hiyo. Huyo fundi aliuawa na moshi, kwa sababu walifunga banda. Moshi wa petroli hauhitaji kuonekana, unaingia kwenye damu, midomo inakuwa myekundu, mtu analala. Shemeji yako alikuwa anakufa kwa moshi wako, na Jumamosi ijayo ungemkalisha juu yake tena. Bomba la hewa lifanye fupi. Bomba la moshi litoke nyuma ya gari. Na ukiwasha injini, fungua mlango."